Herufi Moja Kabla ya Jazz

Sahani yenyewe ni ndogo, ya inchi 7 na mwendo wa 45, na ilikuwa chini kabisa ya sanduku la mbao ambalo zamani lilibeba karoti. Sanduku hilo nilipewa na familia moja hapa Endarasha iliyokuwa ikibomoa nyumba ya mbao ya guka wao, yaani babu yao, ili isimamishe ya mawe. Ndani mlikuwa na vitabu vya nyimbo za kanisa, pasi ya makaa, betri za redio zilizokwisha kuvuja, kifungo cha shaba chenye herufi EAR, na santuri 31. Nyingi nilizitambua kwa rangi ya lebo kabla sijavaa miwani: Joseph Kamaru, Daniel Kamau, Kamaru tena. Ile Kamaru aliyoitoa mwaka 1975 baada ya kuuawa kwa mwanasiasa J.M. Kariuki haikuwemo. Aghalabu huwa haimo. Wenye nayo walijua pa kuificha.

Moja sikuitambua. Mtu alikuwa amebandika juu ya lebo karatasi yenye jina lake, kama tulivyokuwa tukifanya ili sahani isipotelee kwenye harusi za watu, na siku karatasi hiyo ilipobanduliwa iliondoka na kila kitu isipokuwa ukingo wa kulia. Zilisalia herufi tano: A JAZZ.

Kwa mkusanyaji, hilo ni sawa na mtu kushuka matatu pale Mweiga na kuuliza nyumbani kwa Wanjiku ni wapi.

Wiki hii basi nitaeleza tunavyomtafuta mwanamuziki asiye na jina, kwa kuwa wasomaji kadhaa wameniuliza. Wengi wanadhani kazi ni kusoma lebo na kukumbuka. Laiti. Kadiri ninavyozidi kuishi na sahani hizi ndivyo ninavyozidi kuliweka jina lililochapishwa mwisho kabisa katika mambo ya kuaminiwa.

Tuanze na neno jazz, maana limepoteza wengi. Jazi ya Marekani ni ile ya Louis Armstrong na Duke Ellington: tarumbeta, saksafoni, piano, na mpigaji kuachiwa nafasi abuni papo hapo. Afrika Mashariki tulichukua jina tukauacha muziki. Dar es Salaam Jazz ilikuwepo tangu miaka ya 1930, Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944, Western Jazz mwaka 1959, na ukiziweka sahani zao kwenye mashine hutasikia New Orleans hata kidogo. Utasikia Kuba. Kampuni ya HMV ilianza mwaka 1933 kuuza mfululizo wa santuri zilizopewa herufi GV, muziki wa Kuba na majirani zake, na zikaenea Afrika nzima. Vijana wetu walijifunzia gita kwenye sahani hizo, na Kihispania wakakiimba kwa kukisia. Wakongo walifanya vivyo hivyo: African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953 na OK Jazz ya Franco mwaka 1956 zilipiga rumba, wala hakuna aliyezishtaki kwa kudanganya.

Kwenye jina la bendi, "Jazz" lilikuwa neno la vyombo na mavazi. Lilimaanisha magita, ngoma za kizungu, saksafoni ikipatikana, na wapigaji waliovaa suruali zilizonyooshwa. Lilimwambia mwenye ukumbi kwamba hawa si watu wa ngoma ya kijijini wala si wa beni. Hata saksafoni haikuwa lazima. Shirati Jazz ya D.O. Misiani, yule mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania aliyefariki Kisumu mwaka 2006, ilipiga benga ya magita, bila tarumbeta hata moja. Nimewahi kuona orodha ya muuzaji wa ng'ambo aliyewapanga Shirati Jazz katika fungu la jazi, jirani na Thelonious Monk. Sikumsahihisha. Bei ilikuwa nzuri.

Sasa A JAZZ ni nani? Nilichukua kalamu nikaandika: Kilwa Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz, JUWATA Jazz, Vijana Jazz, Victoria Jazz. Sita kwa pumzi moja, na sikuwa nimemaliza. Tena orodha yenyewe ina mtego, kwa sababu NUTA na JUWATA ni bendi ile ile. Ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilishwa jina bendi nayo ilibadilishwa: NUTA, kisha JUWATA, kisha OTTU. Mkusanyaji mgeni hupanga bendi tatu kwenye rafu tatu.

Kabla ya kusikiliza, kuosha. Endarasha iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, ukungu unashuka kutoka Nyandarua jioni na kulala nasi mpaka saa tatu asubuhi, na adui wa santuri huku si joto kama Mombasa, ni unyevu. Kuvu huota ndani ya mifereji, vidoa vyeupe usivyoviona mpaka uinamishe sahani kwenye mwanga wa dirisha. Mimi hutumia maji ya vuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo na kitambaa laini, nikifuata mzunguko wa mifereji, kamwe si kukatisha, na lebo naifunika kwa kiganja isilowe. Halafu naisimamisha ikauke yenyewe. Sahani nzee za 78 zinataka tahadhari nyingine. Hizo hazikutengenezwa kwa plastiki bali kwa shelaki, utomvu wa wadudu fulani wa India, na shelaki huyeyuka kwa spiriti. Nilipoanza mambo haya sikulijua hilo. Nilichovya pamba kwenye spiriti ya kusafishia vidonda nikapangusa sahani ya mwomboko, akodioni tupu na karing'aring'a, na pamba ikageuka nyeusi. Nilifurahi kwanza, nikidhani ni uchafu. Ulikuwa wimbo.

Sahani yangu ya A JAZZ ilitoka safi. Upande mmoja ulikuwa umechakaa mpaka mifereji imepauka, upande wa pili unang'aa kama haukuguswa. Nililiandika hilo daftarini, na nikajiambia kuwa mwenye sahani aliupenda mno upande wa kwanza. Tutarudi hapo.

Hatua ya pili ni kusoma kile ambacho hakikuchapishwa. Kati ya mahali wimbo unapoishia na mahali lebo inapoanzia pana ukingo mtupu, upana wa kidole au pungufu. Ukiinamisha sahani utaona hapo nambari zilizokwaruzwa kwa mkono au kugongwa kwa chuma. Nambari hizo ziliandikwa kwenye sahani mama, ile iliyochongwa studio, kabla hazijatengenezwa zile bamba za chuma za kufyatulia nakala. Kwa hiyo zina umri mkubwa kuliko lebo. Lebo hukandamizwa pamoja na plastiki siku ya kufyatua, na siku hiyo mfanyakazi aliyechoka anaweza kuchukua bunda lisilo lake, akaweka jina la mtu juu ya sauti ya mtu mwingine. Imetokea mara nyingi. Ila hakuna awezaye kubadilisha kilichokwaruzwa kwenye mama. Lebo na ukingo vikigombana, mimi niko upande wa ukingo.

Hesabu ya kampuni nayo husaidia. Polydor ya Nairobi, iliyotoa sahani za Mbaraka Mwinshehe, ilitumia herufi POL na nambari inayopanda, hivyo ukijua sahani mbili zilitoka lini unaweza kuikisia ya tatu iliyo katikati. Yangu ilikuwa na tarakimu tu, na herufi A mwishoni, yaani upande wa kwanza. Hayo ndiyo yaliyokuwa mavuno yote. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kufyatua santuri wakati huo, na bendi zake zilirekodi redioni Dar es Salaam au zikapanda basi kuja Nairobi, kwa hiyo kujua kwamba sahani ilifyatuliwa Nairobi hakuondoi hata jina moja katika yale sita. Nambari ilinyamaza. Ilibidi nisikilize.

Wimbo ni wa Kiswahili, basi Victoria Jazz, watu wa Dholuo, nikawaweka kando, kwa wino hafifu. Sauti mbili za kiume zinaimba pamoja, ya juu imesogea kidogo mbele ya ya chini. Gita la kwanza linapigwa karibu sana na daraja, linatoa mlio mkavu wa kuni zinazopasuka. Katikati mwendo unabadilika, waimbaji wanaondoka, na saksafoni inaingia.

Hapo sasa pana siri ambayo wapenzi wa dansi la Tanzania wanaijua na wageni hawaijui. Bendi zile kila moja ilikuwa na mtindo wake, jina la namna ya kucheza lililokuwa kama chapa ya ng'ombe. Western Jazz walikuwa na Saboso. Atomic Jazz wa Tanga walikuwa na Kiweke. NUTA walikuwa na Msondo, na chapa hiyo ilishika kuliko majina yote ya vyama vya wafanyakazi, ndiyo maana bendi leo inaitwa Msondo Ngoma. Tabora Jazz walikuwa na Segere Matata. Wimbo ukichangamka, mara nyingi mmoja wao huitaja chapa, ama kwa kujisifu ama kwa kuwaita watu uwanjani. Lebo inaweza kupotea, ila chapa imo ndani ya mfereji.

Nilirudisha sindano mara nane. Upande ule uliochakaa una mchakacho kama mvua juu ya bati, na yule mwenye kutaja chapa hakuwa karibu na maikrofoni. Nadhani alikuwa nyuma ya ngoma. Mara ya tisa nilifunga dirisha, nikaweka sikio karibu na spika. Saksafoni inavuta pumzi, na kwenye upenyo huo mtu anasema, haraka na kama anamcheka mwenzake, segere.

Tabora Jazz. Niliamka nikazunguka nyumba.

Furaha ya namna hiyo haidumu zaidi ya kikombe kimoja cha chai, kwa sababu bendi si mtu. Ni nani aliyeshika ile saksafoni? Hata lebo ingekuwa nzima isingenijibu. Lebo za Afrika Mashariki zilitoa nafasi kwa vitu vitatu: jina la wimbo, jina la bendi au kiongozi, na kwenye mabano jina la mtunzi. Wengine wote walilala ndani ya neno moja lililochapishwa kwenye sahani nyingi za kale, ambalo kwa Kiswahili tungesema "na wenzake".

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa HMV, alikwenda na wenzake. Tunawajua Subeti Ambar na Mbaruk na wengine kwa sababu Siti alikuwa Siti: Zanzibar nzima ilisimulia habari zake, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Wenzake wa Tabora hawakupata bahati hiyo. Kwa upande wetu wa Mlima Kenya pengo ni kubwa vilevile. Kamaru, aliyezaliwa mwaka 1939 na kufariki 2018, ameandikwa, na mjukuu wake anayeitwa jina lile lile, mwanamuziki KMRU, amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake. Ketebul Music ya Nairobi nayo ilitoa mwaka 2010 kazi nzima kuhusu muziki wa Kikuyu, nyimbo na maelezo. Lakini mwulize yeyote ni nani aliyepiga gita la besi kwenye sahani yoyote kati ya zile 31 sandukuni mwangu. Watakuambia jina la mwimbaji kwa mara ya pili, kwa sauti kubwa zaidi.

Hata mabano ya mtunzi si ya kuapia. Chukua "Malaika", wimbo ambao kila mtoto wa Afrika Mashariki anaujua. Fadhili William aliurekodi Nairobi na jina lake likaingia kwenye karatasi. Adam Salim wa Tanzania alidai ni wake. Lucas Tututu wa Mombasa naye alitajwa. Miriam Makeba akaupeleka duniani, Boney M wakaufikisha kwenye disko za Ulaya mwaka 1981, na mabano yakaendelea kubishaniwa. Jina kwenye mabano linakuambia ni nani aliyefika ofisini kwanza. Wakati mwingine ndiye aliyetunga.

Msije mkadhani maradhi haya ni yetu peke yetu. Wamarekani walipoanza kutafuta Afrika ndani ya jazi yao, waliazima maneno kama sisi tulivyoazima lao, na wakatuachia mafumbo matamu. Machito alitoa sahani nzima iitwayo Kenya mwaka 1958, ya jazi ya Kikuba. Mwaka 1960 mpiga piano Randy Weston alirekodi New York sahani ya Uhuru Afrika, mashairi ya Langston Hughes, mpangilio wa mwanamama Melba Liston, mpiga tromboni ambaye mabwana wengi wa jazi waliegemea kazi yake na kulitaja jina lake mara chache. Mwanzoni mwa sahani hiyo kabla ya muziki kutawala kuna sauti ya mwanamume anayesema Kiswahili. Hakutafuta lafudhi, ni Kiswahili cha mtu wa kwetu. Jina lake ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo, na ndiye baadaye aliyekuja kuwa mbunge kutoka Makete. Wapenzi wa jazi wa ng'ambo wanaijua ile sauti lakini hawajui habari za mbunge; wazee wa Njombe wanamjua mbunge, na wengi wao hawajui kuwa yumo kwenye sahani moja na mpiga besi Ron Carter. Utawala wa makaburu Afrika Kusini uliipiga marufuku sahani hiyo. Mimi ninayo nakala, imepasuka ukingoni, na napenda kumwekea mgeni bila kumwambia kitu, nione ataamka sekunde ya ngapi.

Miaka 10 baadaye ikaja bendi ya mpiga piano Herbie Hancock. Kijana mmoja wa Philadelphia, James Forman, mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath, alikuwa katika vuguvugu la Weusi la California lililokipenda Kiswahili, lile lile lililozaa Kwanzaa mwaka 1966. Akajiita Mtume. Akawagawia wakubwa zake majina, na mwaka 1971 Hancock akatoa sahani yenye jina alilopewa: Mwandishi. Mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, Bennie Maupin akawa Mwile, ambalo nadhani lilikusudiwa kuwa mwili, na mpiga tromboni Julian Priester akawa Pepo Mtoto. Huyu wa mwisho angekuja Endarasha na jina hilo shosho zetu wangemwombea kabla hawajampa chai. Bahati nzuri bendi ilikuwa na Mganga: mpiga tarumbeta Eddie Henderson, ambaye kweli ni daktari aliyesomea udaktari na kuufanya kwa miaka mingi. Katika majina yote ya sahani ile, hilo ndilo pekee ningelikubali mahakamani. Mtume mwenyewe alikuja kutoa "Juicy Fruit" mwaka 1983, na vijana wanaodhani hawajawahi kumsikia wamemsikia ndani ya "Juicy" ya Notorious B.I.G.

Lakini fumbo ninalolipenda kuliko yote ni Ahmed Abdul-Malik. Alipiga besi katika kundi la Monk na Coltrane, na kanda ya onyesho lao la Carnegie Hall la Novemba 1957 ililala kwenye maktaba ya taifa ya Marekani mpaka ikagunduliwa mwaka 2005. Alipiga pia udi, udi huu huu wa taarabu, na mwaka 1958 akarekodi sahani iitwayo Jazz Sahara. Kwa miaka mingi kila maandishi ya jalada yalisema baba yake alitoka Sudan. Mwanahistoria Robin Kelley alipofungua kumbukumbu za serikali aliona mambo mengine: mtoto aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1927 akiitwa Jonathan Tim, wazazi wakiwa wahamiaji kutoka kisiwa cha St. Vincent, Karibiani. Sudan aliichagua mwenyewe. Sioni kama alidanganya watu. Mtu anayejifunza udi mpaka akaupiga hivyo amelipia uraia wake. Ila angalia jinsi fumbo lilivyofumbuliwa. Haukuwa muziki uliolifumbua. Ilikuwa karatasi kavu ya ofisi, yenye tarehe na jina la mzazi.

Mimi nami nilikuwa na kitu cha ofisi: kile kifungo cha shaba. EAR ni East African Railways, shirika lililokuwa la nchi tatu mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na wafanyakazi wakarudishwa kila mtu kwao. Na Tabora ni nini kama si njia panda ya reli, pale ambapo treni za Mwanza na za Kigoma huachana? Unaona linavyojipanga lenyewe. Guka alikuwa mtu wa reli. Alipelekwa Tabora. Jumamosi jioni alikwenda kuwasikiliza Tabora Jazz ukumbini, akamjua mpiga saksafoni labda hata kwa jina, akanunua sahani, akaipiga upande mmoja mpaka ukapauka, na mwaka 1977 akapanda treni nayo mpaka Kiganjo, akaja nayo huku kwenye viazi na baridi. Niliandika kurasa nne. Nilikwisha kuchagua hata picha.

Kisha nikakumbuka kwamba guka mwenyewe yu hai, anakaa kwa mwanawe wa pili, kilomita mbili kutoka kwangu, na hakuna aliyemuuliza.

Nilimkuta akiota jua nje, koti juu ya koti. Nilikuwa na mashine yangu ndogo ya betri. Nikamwamkia, nikamweleza, nikamwonyesha kifungo.

"Hicho ni cha ndugu yangu," akasema. "Mimi sikufanya kazi ya reli hata siku moja. Mimi nilikuwa Nanyuki, baa."

"Guka, na Tabora?"

"Tabora ni wapi?"

Alikuwa mhudumu wa baa yenye mashine ya santuri, ile ya kutia sarafu na kubonyeza. Mwenye mashine alikuja kila baada ya wiki kadhaa kubadilisha sahani, na zile zilizochakaa aliwauzia wafanyakazi kwa bei ya soda. Ndiyo maana upande mmoja ulipauka. Mashine ilipangwa kupiga upande huo tu, na waliouchakaza walikuwa wanywaji wa Nanyuki, wenye magari ya mizigo na askari wa kambini, watu mia wasiojuana, sarafu moja moja. Karatasi ya jina aliibandika yeye, na aliyeibandua ni mkewe baada ya wao kugombana.

Nikaweka sindano. Aliposikia magita aliacha kuongea. Mkono wake wa kulia ukawa unapapasa goti, ukitafuta mwendo, ukaupata. Waimbaji wakaondoka, saksafoni ikaingia, na mimi nikaona nisipouliza sasa sitauliza tena.

"Guka, huyu anayepuliza, ulipata kusikia wakimtaja ni nani?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mvua.

"Nitajuaje, kijana wangu? Watu walikuwa wanacheza."

Wimbo ulipokwisha alinyoosha mkono, akaigeuza sahani mwenyewe, akaniambia huo upande mwingine hajawahi kuusikia.